Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ujenzi: ringi zikaguliwe kabla zege halijamwagwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wakurugenzi wa halmashauri za mikoa yetu ya matetemeko, kuanzia Kagera na Kigoma hadi Rukwa, Mbeya, Dodoma, Manyara na Arusha.

Waheshimiwa, salaam.

Ninaandika kuhusu ringi. Ni kile kipande cha nondo nyembamba, aghalabu ya milimita 8, ambacho fundi hukikunja pembe nne na kukifunga kwa waya kuzunguka nondo kubwa za nguzo. Kwenye makadirio ya gharama kinachukua mstari mmoja, na zege likishamwagwa hakuna atakayekiona tena. Lakini siku ardhi ikitikisika, kipande hicho ndicho kitakachoamua kama watu walio juu ya nguzo watashuka kwa ngazi au watafukuliwa kwenye kifusi. Ombi langu ni moja: katika mikoa hii, zege la nguzo lisimwagwe kabla mhandisi aliyesajiliwa hajazikagua ringi, akazipima, akazipiga picha na kutia saini.

Naomba nieleze sababu, maana katika siku za kawaida hatari hii haionekani.

Siku za kawaida nguzo hubeba mzigo uliotulia: slabu, kuta, makabati, watu. Mzigo huo unakuja taratibu na unashuka wima. Nguzo yenye ringi chache, zilizokaa mbalimbali, itaubeba miaka thelathini bila ufa hata mmoja. Mwenye jengo atakuonyesha na kukuambia, "Hili hapa, limesimama tangu nikiwa kijana." Anasema kweli. Ila jengo lake halijawahi kuulizwa swali lenyewe.

Mzigo wa ghafla una tabia nyingine kabisa. Maabara hukandamiza kipande cha zege polepole, kwa dakika moja au zaidi, mpaka kipasuke. Tetemeko huisukuma nguzo upande huu na kuirudisha upande wa pili ndani ya sekunde moja au chini ya hapo, kisha hurudia tena na tena. Lori likiigonga nguzo, kazi yote huisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Mlipuko hutumia milisekunde chache, yaani sekunde moja ikigawanywa mara elfu, vipande vichache tu. Kwa kasi hizo zege na chuma hubadilika. Zege likikandamizwa polepole, nyufa hupata muda wa kutafuta njia nyepesi, zikipita kando ya kokoto. Likisukumwa haraka nyufa hazipati muda huo, hulazimika kukata kokoto zenyewe, kwa hiyo zege huonekana gumu zaidi kuliko cheti cha maabara kinavyosema. Chuma nacho hukawia kulegea. Kwa tetemeko ongezeko hilo ni la kiasi tu; kwa mlipuko linaweza kuwa kubwa sana.

Wapo wenzangu katika taaluma wanaolichukua jambo hili kama faraja. Mimi naliona kama onyo. Nguzo ikisukumwa upande ina njia mbili za kushindwa. Ya kwanza ni kupinda: nondo hunyumbuka, nyufa za mlalo hutokea juu na chini ya nguzo, ganda la zege humeguka, jengo huegemea, lakini linakuwa bado limesimama na watu wanapata kutoka. Ya pili ni kukatika: ufa wa mshazari hupasua nguzo kutoka ubavu hadi ubavu, na papo hapo sehemu ya juu huteleza juu ya sehemu ya chini. Sasa, nguzo inapokuwa ngumu zaidi katika kupinda, inakubali kubeba msukumo mkubwa zaidi, na msukumo wote huo lazima upite ndani ya nguzo kama nguvu ya kukata. Kwa hiyo ule ugumu wa ziada unaweza kuiondoa nguzo kwenye njia ya kwanza, yenye huruma, na kuitumbukiza kwenye ya pili. Kinachovuka ule ufa wa mshazari na kuushikilia usifunguke ni ringi. Nondo nene za wima hazisaidii sana hapo, hata ukiziongeza.

Ringi zina kazi ya pili, nayo mafundi huielewa upesi ukiwatolea mfano wa mzigo wa kuni: kamba zikibana, mzigo unaweza kutupwa chini na usisambaratike, zikikaa mbali, kuni za katikati huchomoza. Zege la ndani ya nguzo likibanwa na ringi za karibu hupasuka lakini halina pa kwenda, basi huendelea kubeba. Nondo za wima nazo zikishikwa karibu karibu hazibenuki. Ringi zikiwa na nafasi ya sentimita 25 au 30 baina yake, nondo ya milimita 16 hubenuka katikati ya nafasi hiyo, husukuma ganda nje, na zege la ndani humwagika kama mchanga.

Tena si idadi tu. Tazameni ncha za ringi. Kwenye saiti nyingi ringi hufungwa kwa kukunja ncha zake digrii 90, yaani pembe mraba, ncha moja ikilala juu ya upande wa jirani. Hivyo ncha hizo zimelala ndani ya ganda la zege, lile la nje lenye unene wa sentimita tatu hivi. Ganda ndilo la kwanza kumeguka tetemeko likianza. Likishaanguka, ncha hazina kinachozishika, ringi inafunguka, na nguzo inabaki kana kwamba haikuwa na ringi kabisa. Ncha zikikunjwa digrii 135, zikaelekea ndani ya kiini cha nguzo na kubaki na mkia wa kutosha, ganda linaweza kuanguka lote na ringi isifunguke. Tofauti ya kazi kwa fundi ni kusogeza kipande cha bomba digrii 45 zaidi kwenye ubao wake wa misumari wa kukunjia. Fundi hukwepa kwa sababu ringi ya namna hiyo ni ngumu kidogo kuipenyeza kwenye nondo, na kwa sababu hakuna aliyemwambia maana yake.

Haya dunia iliyaona wazi miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Tarehe 9 Februari 1971, saa 12 asubuhi, tetemeko la San Fernando lilipiga hospitali ya Olive View karibu na Los Angeles. Jengo kuu lilikuwa jipya kabisa. Katika ghorofa yake ya chini kulikuwa na nguzo za aina mbili: nyingine zilizungushiwa chuma mfululizo kama springi, mizunguko ikiwa imekaribiana sana, na nyingine, za kwenye pembe, zilikuwa na ringi za kawaida zilizoachana. Sehemu ya juu ya jengo ilisogea upande kwa zaidi ya nusu mita na haikurudi. Nguzo za springi zilipoteza ganda lote la nje, zikainama, chuma kikaonekana wazi, lakini viini vyake vilibaki vizima na vikaendelea kulibeba jengo. Nguzo za pembe zilisagika. Jengo moja, saruji ileile, tetemeko lilelile. Ilibidi libomolewe baadaye, lakini halikuwaangukia wagonjwa waliokuwa ndani. Wahandisi wa Marekani walirudi kwenye kanuni zao na kuzibadilisha.

Uturuki nayo, tarehe 6 Februari 2023, baada ya tetemeko la ukubwa wa 7.8 lililoua zaidi ya watu 50,000 nchini humo, wachunguzi walikuta kwenye vifusi ringi chache, zenye ncha za digrii 90, zimefunguka. Nchi hiyo ilikuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi. Mengi ya majengo hayo yalikuwa na maduka chini na makazi juu, na wasomaji wa hapa hawahitaji kueleweshwa sana juu ya hilo: ghorofa ya chini ina fremu za biashara, mageti ya kukunja mbele, kuta hakuna, juu vyumba vimejaa matofali. Tetemeko likija, jengo lote la juu husogea kama kipande kimoja, na mateso yote hubaki kwa nguzo za fremu.

Turudi nyumbani. Michoro mingi inayopitishwa na halmashauri zetu bado imepigwa hesabu kwa kanuni ya Uingereza, BS 8110. Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010. Ni kanuni iliyoandikwa kwa nchi isiyosumbuliwa na matetemeko makubwa, na haina sura ya tetemeko. Inaruhusu ringi kukaa kwa nafasi ya mara 12 ya kipenyo cha nondo ndogo ya wima. Kwa nondo za milimita 16 hiyo ni sentimita 19, kutoka chini hadi juu, pasipo kujali kwamba nguzo huumia zaidi kwenye ncha zake. Kanuni ya Ulaya ya matetemeko, Eurocode 8, kwa nondo zilezile inataka nafasi isizidi mara 8 ya kipenyo, yaani sentimita 12.8, na isizidi nusu ya upana wa kiini, katika eneo la hatari juu na chini ya nguzo. Na inataka ncha za digrii 135.

Nimeipigia hesabu nguzo moja ili tusibishane juu ya gharama bila tarakimu. Chukueni nguzo ya sentimita 30 kwa 30, urefu mita 3, nondo za milimita 16. Ringi zikipangwa kila sentimita 20 kutoka chini hadi juu, zinahitajika 16. Tukizibana kila sentimita 10 katika nusu mita ya chini na nusu mita ya juu, na kuacha sentimita 20 katikati, zinakuwa 21. Zimeongezeka ringi tano. Kila moja, pamoja na mikia yake, hula nondo ya mita 1.15 hivi. Jumla haifiki mita 6, yaani nusu ya nondo moja ya mita 12, kilo mbili na robo za chuma. Kwa nguzo moja. Mwenye jengo anayelipia vigae vya bei mbaya sebuleni hawezi kushindwa hilo, na mkandarasi anayelalamika juu ya hilo ana jambo jingine analolificha.

Mahali pengine ambapo ringi hupotea ni kwenye makutano ya nguzo na bimu, ile mihimili ya mlalo. Hapo nondo za bimu huingia kutoka pande nne, nafasi inabana, mikono haifiki, na fundi huamua kuziacha ringi kwa kimo chote cha bimu. Ukisimama juu ya fomu, zile mbao za kushikilia zege bichi, kabla ya kumwaga unaona kabisa: ringi, ringi, ringi, halafu pengo la nusu mita, halafu zinaendelea ghorofa ya juu. Pengo hilo liko mahali ambapo nguvu zote za tetemeko hubadilishana kati ya bimu na nguzo. Na juu kidogo ya slabu hiyohiyo ndipo nondo za ghorofa inayofuata huungwa kwa kulalishwa juu ya zile zinazochomoza, mara nyingi zote kwa kimo kimoja. Udhaifu juu ya udhaifu, mahali palepale.

Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, sehemu hii nakuelekezea wewe hasa, maana inahusu madarasa. Darasa letu la kawaida lina nguzo na ukuta unaofika usawa wa kifua, kisha madirisha marefu hadi kwenye linta. Ukuta huo hujengwa ukabana nguzo pande zote mbili. Kwa hiyo nguzo ya mita 3 ina mita 1 tu iliyo huru kusogea, ile ya kwenye madirisha. Nguvu ya kukata katika nguzo inayopinda ncha zote mbili ni uwezo wake wa kupinda mara mbili, ukigawanywa kwa urefu ulio huru. Ukipunguza urefu kutoka mita 3 hadi 1, nguvu hiyo inaongezeka mara tatu, bila mtu yeyote kuongeza hata tofali. Nguzo za namna hii hukatika kwa umbo la msalaba kwenye usawa wa dirisha. Zimeua watoto wa shule katika nchi nyingi. Dawa yake ni rahisi: acheni uwazi wa sentimita mbili au tatu kati ya ukuta na nguzo, ujazwe kitu laini, ukuta ushikiliwe kwa njia nyingine usianguke, na nguzo hizo zifungwe ringi za karibu karibu kwa urefu wake wote. Ramani za madarasa zinatoka ofisini kwako. Zikirekebishwa mara moja, zimerekebishwa kwa nchi nzima.

Msidhani jambo hili ni la mikoa ya Bonde la Ufa peke yake. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na watu walikimbia kutoka kwenye majengo marefu. Wala mzigo wa ghafla hauletwi na tetemeko tu. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani uliua watu 213. Jengo la ubalozi lilibaki wima, na Ufundi House la jirani likaporomoka. Miaka mitatu kabla, Oklahoma City huko Marekani, lori la mabomu liliegeshwa mbele ya jengo la serikali la Murrah lenye ghorofa tisa. Mlipuko uliisaga nguzo moja. Mbili za jirani zilikatika. Juu yake kulikuwa na bimu kubwa iliyobeba nguzo nyingine zote za mbele, na karibu nusu ya jengo ikashuka. Walikufa watu 168, wengi wao kwa kuporomokewa kuliko kwa mlipuko wenyewe. Wachunguzi walihitimisha kwamba kama nguzo na bimu zile zingefungwa ringi kwa namna inayotakiwa kwenye maeneo ya matetemeko, sehemu iliyoanguka ingekuwa ndogo zaidi kwa kiasi kikubwa.

Hapo kuna funzo kwa Kariakoo pia. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka pale, tukazika ndugu zetu, na hapakuwa na tetemeko wala bomu. Nguzo moja ya jengo lolote ikiondoka ghafla, kwa sababu yoyote ile, mzigo wake haupandi taratibu juu ya majirani zake. Unawaangukia. Mzigo unaowekwa kwa mpigo mmoja humsukuma anayeupokea karibu mara mbili ya uzito wake uliotulia. Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza wa uhandisi. Nguzo za jirani zenye ringi nzuri zina nafasi ya kunyumbuka na kustahimili. Zisipokuwa nazo, zinafuatana.

Kuhusu ukubwa wa hatari yetu nitasema kwa ufupi. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, Kagera ilitikiswa na tetemeko la 5.9. Watu 17 walikufa siku zile, nyumba kwa maelfu ziliharibika, sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Zilizoanguka zaidi zilikuwa nyumba za matofali na za udongo zisizo na nondo. Tangu hapo watu wamekimbilia zege, na wamefanya vizuri, lakini wengi wanaamini kwamba zege lenyewe ndilo salama. Mwaka 1910 Rukwa ilipata tetemeko la 7.4. Kutoka 5.9 hadi 7.4 nguvu inayoachiliwa huongezeka zaidi ya mara 150. Wakati ule Sumbawanga haikuwa na ghorofa za kuanguka. Leo inazo, na Mbeya inazo nyingi zaidi.

Sasa ninachoomba, kwa majina ya wahusika. Halmashauri zisitoe kibali cha ghorofa kama mchoro wa nguzo hauonyeshi nafasi ya ringi juu, katikati na chini, umbo la ncha zake, ringi za kwenye makutano, na mahali pa kuunga nondo. Mchoro unaosema tu "ringi milimita 8 kila sentimita 20" urudishwe. Siku ya kumwaga zege la nguzo, mhandisi wa halmashauri au aliyepewa kazi hiyo apande juu ya fomu na tepu ya kupimia, apige picha nne za kila nguzo tepu ikionekana, atie saini, na picha zibaki kwenye faili la jengo. Jengo likianguka, au likitaka kuongezwa ghorofa, faili hilo lifunguliwe. Bodi ya Makandarasi iliweke jambo hili kwenye masharti ya leseni. Bodi ya Wahandisi imwite mwanachama yeyote anayetia saini bila kupanda. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwafundishe mafundi nondo kukunja digrii 135 kwenye mtihani wa vitendo, wale waliokwisha hitimu nao waitwe kwa siku moja tu. Nimefanya kazi na mafundi hawa. Ukimwonyesha fundi picha ya ringi iliyofunguka na maiti ya jengo nyuma yake, hakunji tena kwa pembe mraba.

Najua halmashauri hazina wahandisi wa kutosha. Basi anzeni na majengo yanayobeba watu wengi: shule, hospitali, masoko, hosteli za wanafunzi, na ghorofa zote zenye fremu za maduka chini. Anzeni na nguzo za ghorofa ya chini tu kama mikono haitoshi, kwa sababu huko ndiko jengo huuliwa. Na ukaguzi usingoje mpaka kanuni ya taifa ya ujenzi unaostahimili matetemeko ikamilike. Mwezi huu huu, hapa Bukoba peke yake, kuna nguzo zinazosimamishwa ambazo zikishafunikwa zege hakuna atakayeweza kuzirekebisha bila kulivunja jengo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa majengo, Bukoba